Bwawa la Mtera: mkondo unasukumwa na upepo au na mitambo ya umeme?

Mvuvi wa Mtera anatega nyavu jioni. Asubuhi anazikuta zimejisokota kama kamba, au zimebebwa hadi kwenye visiki vya miti iliyokufa ambayo bado imesimama majini tangu bonde lilipojazwa maji. Mwaloni majibu huwa mawili. Wapo wanaosema ni upepo, na wapo wanaosema TANESCO wamefungulia maji. Jibu la pili ndilo linalopendwa zaidi, maana upepo huwezi kuulalamikia.

Swali hilo ni la zamani, ila sasa limepata uzito mpya. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na kufikia mwaka 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Mtera ina mitambo miwili tu, jumla megawati 80. Machi 2024, mwezi mmoja tu baada ya ule mtambo wa kwanza kuwashwa, TANESCO ilieleza kwamba imezima kwa muda vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Kwa mtu wa mjini hiyo ilikuwa habari njema. Kwa anayeishi kwa samaki wa bwawa la umeme, habari hiyo ina maana nyingine: ratiba ya maji aliyoizoea kwa miaka mingi inaweza kubadilika bila yeye kuambiwa.

Kabla ya kufika huko, tuangalie maji yenyewe yanavyokwenda. Watu wengi wanaogopa sehemu ya bwawa isiyo na shida na kuizoea ile yenye hatari.

Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Iringa, barabara inapita pale penye ukuta wa Mtera. Ukuta uko mwisho wa bwawa, upande wa mashariki. Maji mengi yanatanda magharibi yake, na huko ndiko yanakotokea: Ruaha Mkuu, ambao umekwisha kumeza Ruaha Mdogo njiani, na mto Kisigo kutoka upande wa kaskazini magharibi. Bwawa likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na eneo lake ni karibu kilomita za mraba 600. Likishuka hadi mita 690, hicho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa cha kuendeshea mitambo. Kati ya namba hizo mbili kuna mita nane na nusu, na mambo mengi ya uvuvi wa Mtera yamo humo.

Sasa tupige hesabu. Mitambo yote miwili ikienda kwa nguvu kamili hunywa karibu mita za ujazo 100 za maji kila sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mapipa matano ya lita 200. Kwa hiyo ni mapipa 500 kila sekunde moja. Ukisikia hivyo unaona bwawa zima linakimbia kuelekea ukutani. Lakini maji hayo yanatoka kwenye eneo kubwa mno. Ukiyagawa kwa bwawa lililojaa, kwa siku nzima ya saa 24, bila mto wowote kuingiza tone, bwawa linashuka sentimita moja na nusu hivi. Ni unene wa kidole. Jua nalo linakunywa sehemu yake kila siku, na hilo halina swichi.

Na mkondo je? Tuseme uko mahali bwawa lina upana wa kilomita mbili na kina cha mita kumi. Maji yale yale mapipa 500 yanapita kwenye mlango mpana kiasi hicho. Yatasogea mita 18 kwa saa. Kobe anayapita. Nyavu zilizofungwa mawe ncha zote mbili hazitajua kama mitambo imewashwa au imezimwa.

Upepo ni jambo jingine kabisa. Maji ya juu husogea kwa asilimia mbili hadi tatu ya mwendo wa upepo unaoyasukuma. Ukivuma upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao si wa kutisha, maji ya juu yatakwenda mita 400 hadi 600 kwa saa. Linganisha na zile 18 za mitambo. Katikati ya bwawa pana, kwa hiyo, mwenye nguvu ni upepo, tena kwa mbali sana. Aliyekuta nyavu zake zimejisokota huko katikati na kuilaumu TANESCO alikosea mlango.

Mtera wakati wa kiangazi upepo mwingi hutoka kusini mashariki. Unayasukuma maji ya juu kuelekea magharibi, mbali na ukuta. Maji hayo yakifika ng'ambo hayawezi kujilimbikiza huko kama mchanga. Lazima yarudi, na yanarudia chini. Basi unakuwa na mikondo miwili katika maji yale yale: wa juu unakwenda magharibi na wa chini unarudi mashariki. Hapo ndipo nyavu zinaposokotwa. Kamba ya juu yenye maboya inavutwa huku, kamba ya chini yenye risasi inavutwa kule, na wavu uliotakiwa kusimama kama ukuta unalala kama mkeka. Samaki anapita juu yake.

Kuna njia rahisi ya kuona jambo hili kwa macho, na haina gharama. Chukua chupa mbili za plastiki za maji ya kunywa. Moja ijaze maji na uiongezee kijiwe kidogo ili izame, uifunge kamba ya mita tano, na ncha ya juu ya kamba uifunge kwenye kipande kidogo cha boya. Ya pili iache na maji nusu, ielee peke yake. Ziachie zote pamoja kando ya mtumbwi na usubiri robo saa. Ile inayoelea itakuonyesha mkondo wa juu. Kile kipande cha boya kinachovutwa na chupa ya chini kitakuonyesha mkondo wa kina cha mita tano. Zikienda pamoja, tega kama kawaida. Zikiachana, ongeza uzito kwenye kamba ya chini, punguza urefu wa nyavu, au zigeuze zifuate uelekeo wa mkondo badala ya kuukinga. Ni kweli wavu unaofuata mkondo haukingi eneo kubwa, lakini uliosimama na kukinga kidogo una faida kuliko uliolala.

Hadi hapo inaonekana kama mitambo imeachiwa huru kwenye kesi. Haijaachiwa, maana hesabu ile ya mita 18 ni ya bwawa pana lililojaa. Ruaha haukufa bwawa lilipojengwa. Mfereji wake wa zamani bado uko chini, na ndio sehemu yenye kina kuliko zote. Bwawa linaposhuka kuelekea mita 690, kingo zinakauka, tambarare zinakuwa matope, kisha malisho ya ng'ombe, na maji yanarudi kujikusanya kwenye mfereji ule na mabonde ya jirani. Mahali palipokuwa na upana wa kilomita mbili panabaki shingo nyembamba. Tuseme shingo ina upana wa mita 100 na kina cha mita tano. Mapipa yale yale 500 yakipita hapo yatakwenda mita 720 kwa saa, sawa na upepo mzuri unavyoyasukuma maji ya juu, ila sasa ni maji yote, juu hadi chini. Yaani maji yakipungua, mkondo wa mitambo unaongezeka. Wengi wanategemea kinyume chake: wanaona bwawa limepungua, wanadhani limetulia.

Na wakati huo ndipo samaki wanapokuwa wamesongamana kwenye shingo hizo, na ndipo wavuvi wote wanapohamia hapo. Perege na kambale wanapatikana kwa wingi kwa wiki chache, bei inashuka, halafu panakuwa kimya. Mvuvi anayetega shingoni msimu huo ana haki ya kuuliza mitambo inaendaje, kwa sababu hapo kweli inamhusu.

Kuna saa pia. Umeme wa maji una sifa moja ambayo ule wa gesi hauna kwa kiwango hicho: unapandishwa na kushushwa kwa dakika chache. Mahitaji ya umeme nchini huwa makubwa jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku hivi, watu wanapowasha taa na televisheni. Ndiyo saa ambayo mvuvi wa nyavu amekwisha kutega na wa karabai anaingia majini. Kituo kikiongeza mzigo saa hiyo, mkondo wa shingoni na ule wa karibu na mdomo wa kuingizia maji unabadilika gizani. Aliyetega saa kumi na moja kwa kuangalia mkondo wa saa kumi na moja ametegea maji mengine.

Tukirudi kwenye habari za Rufiji, maji ya Mtera hayaishii Mtera. Yanashuka hadi Kidatu, kwenye mitambo ya megawati 204 ambayo bwawa lake ni dogo na hutegemea sana ghala la Mtera. Kutoka Kidatu yanaendelea na Ruaha Mkuu hadi kuingia Rufiji, na sasa yanaishia kwenye bwawa la Julius Nyerere. Tone moja linazungusha mitambo mara tatu kabla ya kuiona bahari. Zamani Mtera na Kidatu zilibeba sehemu kubwa ya umeme wa taifa, na ukame ulipozipiga, kama mwaka 2006, nchi nzima iliingia kwenye mgao. Shinikizo lilikuwa kuendesha mitambo hadi maji yafike chini kabisa.

Sasa shinikizo hilo limepungua. Kwa maoni yangu, hiyo inaweza kuwa nafuu kubwa kwa samaki wa Mtera kuliko mradi wowote wa uvuvi uliowahi kupelekwa pale. Perege dume huchimba kiota chake kwenye maji mafupi ya kando. Jike huyabeba mayai mdomoni, lakini vifaranga wakishaachiwa hukaa kwenye nyasi za kingoni ambako samaki wakubwa hawafiki. Maji yakishuka sentimita moja na nusu kila siku kwa miezi, zile nyasi zinabaki nchi kavu. Yakikaa juu, au yakipanda taratibu na kufunika majani mapya, vifaranga wana chakula na maficho. Mvuvi hataliona hilo mwaka huo huo. Ataliona mwaka unaofuata, kwenye uzito wa ndoo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kituo kidogo ndani ya gridi yenye umeme wa kutosha kinaweza kugeuzwa cha kuwashwa na kuzimwa kadiri ya mahitaji, badala ya kwenda mfululizo. Leo mitambo imelala, kesho inaamka, keshokutwa mmoja tu. Kwa bwawa pana si kitu. Kwa shingo za kiangazi, na zaidi kwa mto ulio chini ya ukuta, ni jambo la kuangalia sana.

Huko chini ya ukuta ndiko kuliko na hatari. Mitambo ya Mtera haiko juu, imejengwa chini ya ardhi, na maji yanayotoka humo husafiri kwenye handaki refu kabla ya kurudishwa mtoni kilomita kadhaa mbele. Maana yake, kipande cha mto kati ya ukuta na mahali handaki linapotokea kinaweza kubaki na maji kidogo sana siku nyingi, hata mitambo ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote. Mashimo yenye samaki yanabaki kati ya mawe. Watoto wanaingia na ndoano, kina mama wanafua, mtu anavuka na baiskeli begani. Kisha bwawa linajaa, mageti ya ukutani yanafunguliwa, na maji yanashuka pale pale palipokuwa pakavu.

Mbele ya handaki hali ni tofauti, lakini haina usalama zaidi. Tuseme mto una upana wa mita 40 na kina cha mita moja na nusu. Mitambo miwili ikiwashwa, maji yatakwenda kilomita sita kwa saa, haraka kuliko mtu anavyotembea, na yatakuwa yamepanda kutoka magotini hadi kifuani. Samaki hupenda kukusanyika mahali kama hapo, kwa hiyo na watu hukusanyika. Maji yakianza kubadilika rangi, majani makavu yakianza kuelea kwa wingi, au jiwe ulilokuwa unaliona likizama, toka kwanza, nyavu zifuate baadaye kama zitapatikana. Juu ya ukuta nako, maboya na alama za kuzuia mitumbwi isisogelee mdomo wa maji na mageti zimewekwa kwa sababu: hapo maji yanavuta kutoka chini, na juu yanaweza kuonekana yametulia tuli. Jaketi okozi linasaidia katikati ya bwawa. Mbele ya geti lililofunguliwa halitoshi.

Mito inayoingia nayo ina mkondo wake, ingawa ni wa msimu. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha tangu mwaka 1993, kutokana na matumizi ya maji huko juu, Usangu, na Kisigo ni mto wa mvua. Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, maji ya kwanza huja mazito kwa tope, na kwa uzito huo hupiga mbizi chini ya maji ya bwawa na kufuata mfereji wa zamani. Juu unaona maji safi, chini kuna mto wa tope unaotembea. Kambale wanaufahamu mto huo na kuupanda kwenda kutaga. Anayetega nyavu za chini mdomoni mwa mto wiki hiyo ategemee kuzitoa zimejaa takataka, au asizione kabisa.

Yote haya yanaweza kupimwa, na mengi tayari yanapimwa. Kina cha bwawa kinasomwa. Maji yanayopita kwenye mitambo yanajulikana. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inafuatilia mito, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa upepo na mvua. Wanaokosa namba hizo ni wale walioko majini. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo kwenye mialo, vina viongozi, na viongozi wana simu. Ujumbe wa kusema bwawa liko mita ngapi leo, mitambo mingapi itakwenda usiku na kama mageti yatafunguliwa unaingia kwenye sms moja.

Kenya walilazimika kufanya jambo la namna hiyo Aprili na Mei 2024, bwawa la Masinga kwenye mto Tana lilipofurika na maji kuendelea kushuka kupitia mabwawa mengine ya umeme kuelekea Garissa na Tana River. Matangazo ya kuwataka watu wahame kingoni yalitolewa, na redio zikayarudia. Hayakuzuia hasara yote. Ila mtu aliyesikia alikuwa na nafasi ambayo asiyesikia hakuwa nayo. Mwezi huo huo wa Aprili, Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji, na mjadala mkubwa ukawa kama bwawa jipya limezuia mafuriko au limeyaongeza. Swali la nani aliambiwa nini na lini lilipata nafasi ndogo zaidi, nami naona ndilo lililostahili kwenda mbele.

Kwa Mtera hatujafika kwenye mafuriko ya aina hiyo, na ombi lenyewe ni dogo kuliko hilo. Wakati likisubiri, mwalo wowote unaweza kuchomeka mti wenye alama za sentimita kumi kumi kando ya maji na kumpa mtu mmoja kazi ya kuusoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Ukishuka sentimita moja au mbili kwa siku katikati ya kiangazi, ni jua na mitambo, kama kawaida. Siku utakapoonyesha maji yamepanda ghafla na hapajanyesha karibu, mvua imeshuka huko juu, na bwawa likiwa tayari linakaribia mita 698.5, anayevua chini ya ukuta apigiwe simu asubuhi hiyo hiyo.